Je, mhandisi wa Shume ndiye aliyemuua Oswald Boelcke?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari wilayani Lushoto. Huku kwetu husimuliwa kwamba Mjerumani mmoja aliyesimamia ujenzi wa njia ya waya ya kuteremshia magogo kutoka Shume hadi Mkumbara alikuja kuwa rubani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na kwamba alimuua rubani mashuhuri kuliko wote wa nchi yake mwenyewe. Wanafunzi wananiuliza kama ni kweli, nami nashindwa kuwajibu. Huyo rubani aliyekufa alikuwa nani, na marubani wa kivita wa siku hizo za mwanzo waliishi vipi?

Jibu: Mwalimu, nashukuru kwa swali hili, kwa kuwa kisa mnachosimuliana huko Lushoto ni cha kweli karibu chote. Mhandisi huyo aliitwa Erwin Böhme. Rubani aliyekufa alikuwa Kapteni Oswald Boelcke, ambaye hadi siku ya kifo chake, tarehe 28 Oktoba 1916, alikuwa amehesabiwa ushindi dhidi ya ndege 40, idadi ambayo hakuna rubani mwingine wa upande wowote wa vita aliyekuwa ameifikia. Ninachokikataa ni dai la kwamba Böhme alimuua. Ndege zao ziligusana angani wakiwa wanamfukuza adui mmoja, na ili ueleze vizuri kilichotokea ni lazima kwanza uwaeleze wanafunzi wako kazi ya Boelcke ilikuwa ipi, kwa sababu ajali ile ilizaliwa ndani ya kazi hiyohiyo.

Nianze na Böhme kwa ufupi, kwa kuwa ndiye mnayemfahamu. Alizaliwa mwaka 1879 katika mji wa Holzminden, akasomea uhandisi, na miaka kadhaa kabla ya vita alifanya kazi katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambako alisimamia ujenzi wa ile njia ya nyaya iliyoteremsha magogo ya mierezi kutoka nyanda za juu za Shume, ambazo Wajerumani waliziita Neu-Hornow, hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Alirudi Ujerumani muda mfupi kabla ya vita kuanza mwaka 1914, akajitolea kujifunza urubani akiwa na umri wa miaka 35, wakati wengi waliokuwa wakijifunza pamoja naye walikuwa vijana wa miaka 20 na kidogo. Alikuwa mwogeleaji hodari na mpanda milima, mwenye mwili mkakamavu kuliko vijana wengi, na hilo lilimsaidia kukubaliwa.

Boelcke alikuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 12. Alizaliwa tarehe 19 Mei 1891 Giebichenstein, karibu na mji wa Halle, katika familia ya mwalimu iliyokuwa imerejea kutoka Argentina, kisha akakulia Dessau. Alipokuwa mtoto mdogo aliugua kifaduro, ugonjwa uliomwachia pumu, lakini akawa mwanamichezo mzuri licha ya hali hiyo. Akiwa bado mwanafunzi alithubutu kumwandikia barua Kaizari Wilhelm wa Pili akiomba nafasi ya kuingia jeshini, jambo ambalo wazazi wake hawakulifurahia hata kidogo. Alimaliza kwanza shule, na mwaka 1911 akajiunga na kikosi cha simu za upepo na mawasiliano huko Koblenz. Katika kazi hiyo ndipo alipoanza kuziona ndege kwa karibu. Katikati ya mwaka 1914 alipelekwa Halberstadt kujifunza urubani, na alifaulu mtihani wake wa mwisho tarehe 15 Agosti 1914, vita ikiwa imeshaanza.

Hapa ni muhimu wanafunzi waelewe kwamba siku ile hapakuwa na kitu kinachoitwa rubani wa kivita. Ndege zilikuwa macho ya jeshi na hakuna zaidi. Ndege ilibeba watu wawili, rubani na mtazamaji. Mtazamaji ndiye aliyekuwa na kazi yenyewe: kuangalia wapi adui amechimba mahandaki, wapi ameweka mizinga, treni zake zinaelekea upande gani, na kuandika yote hayo kwenye ramani au kuyapiga picha. Boelcke alianza vita kwa kazi hiyo, na mtazamaji wake alikuwa kaka yake, Wilhelm. Ndugu hao wawili waliruka pamoja mara nyingi mno kiasi kwamba wenzao walianza kulalamika, kisha wakatenganishwa. Silaha walizobeba watu wa ndege katika miezi hiyo zilikuwa bastola na bunduki za kawaida, na mtu aliyempiga mwenzake risasi angani kwa bunduki ya mkono, ndege zote mbili zikiyumba, alikuwa amebahatisha tu.

Tatizo lililozuia mapigano ya kweli ya angani lilikuwa rafadha, yaani yale mapanga yanayozunguka puani mwa ndege. Rubani anayeruka peke yake analenga vizuri zaidi akiielekeza ndege nzima kwa adui na kufyatua bunduki iliyofungwa mbele yake, lakini bunduki ya rashasha ikiwekwa pale risasi zitakata mapanga ya ndege yake mwenyewe. Mfaransa Roland Garros alijaribu suluhisho la ujasiri mwaka 1915: alifunga vibati vya chuma kwenye mapanga ili risasi chache zitakazoyagonga zichepuke, na nyingine zipite. Aliangusha ndege kadhaa katika Aprili 1915, kabla ya kulazimika kutua katika eneo la Wajerumani tarehe 18 ya mwezi huohuo na kutekwa pamoja na ndege yake. Baada ya wiki chache, kiwanda cha Mholanzi Anthony Fokker, aliyekuwa akiwatengenezea Wajerumani ndege, kilitoa kitu bora zaidi. Badala ya kuyakinga mapanga, mtambo wake uliunganisha injini na kifyatulio cha bunduki, hivyo kila panga lilipopita mbele ya mtutu bunduki ilinyamaza, na nafasi ilipokuwa wazi ilifyatua. Rubani alibana kitufe tu, na mengine yote aliyaachia mtambo.

Ndege hiyo ya Fokker haikuwa na ajabu nyingine. Ilikuwa na bawa moja kila upande, injini ya nguvu za farasi 80, na mwendo wa kilomita 130 hivi kwa saa. Ilikuwa nzito kugeuka kwa sababu rubani alilazimika kuyapinda mabawa yenyewe kwa nyaya. Hata hivyo, mara ilipowekewa bunduki yenye mtambo ule ilibadilisha vita nzima ya angani. Boelcke, ambaye mwezi Julai 1915 alikuwa ameshapata ushindi wake wa kwanza katika ndege ya watu wawili, mtazamaji wake akiwa ndiye aliyefyatua, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kukabidhiwa ndege hiyo mpya katika uwanja wa Douai, kaskazini mwa Ufaransa. Mwenzake hapo alikuwa Max Immelmann. Immelmann alipata ushindi tarehe 1 Agosti 1915, Boelcke akafuata tarehe 19 ya mwezi huo, na tangu hapo wakawa wanafukuzana kwa hesabu. Tarehe 12 Januari 1916, kila mmoja akiwa na ushindi wa ndege nane, walitunukiwa siku moja nishani ya Pour le Mérite, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Prussia, wakiwa marubani wa kwanza wa kivita kuipata. Siku mbili baadaye makao makuu ya jeshi la anga la Uingereza yaliagiza kwamba kila ndege ya upelelezi isindikizwe na ndege nyingine tatu angalau. Ndege chache za Fokker zilikuwa zimewalazimisha wapinzani kutumia ndege nne kwa kazi ya moja.

Kabla sijaendelea na vita, kuna tukio moja la Douai ambalo napenda lisisahauliwe. Mwishoni mwa Agosti 1915, kijana mmoja wa Kifaransa alitumbukia katika mfereji wa mji na kuanza kuzama. Boelcke alikuwa karibu, akajitosa majini akiwa na sare zake, akamtoa mzima. Jeshi lake lilimpa medali ya kuokoa maisha, na inasimuliwa kwamba wazazi wa kijana huyo walitamani serikali yao ya Ufaransa ingempa nishani, jambo ambalo bila shaka lisingewezekana wakati wa vita. Mimi sitaki kumfanya Boelcke awe malaika kwa sababu ya hilo. Kazi yake ilikuwa kuwaua vijana wa rika lake, na aliifanya kwa ustadi mkubwa. Lakini wengi walioandika kumhusu wakiwa wamemfahamu, marafiki kwa maadui, wanamtaja kuwa mtu mtulivu, asiyependa kujisifu, na aliyewatendea mateka wake kwa heshima.

Sasa nije kwenye sehemu ya swali lako inayohusu maisha ya kila siku, ambayo picha za kishujaa huificha. Rubani wa mwaka 1915 au 1916 alikaa katika tundu lililo wazi, kichwa na mabega vikiwa nje, kwenye urefu wa mita 3,000 hadi 5,000, bila hewa ya oksijeni ya ziada na bila joto lolote isipokuwa lile la injini. Alivaa koti la ngozi au manyoya, glovu nene, miwani ya kuzuia upepo na mafuta. Injini za aina ile ya Fokker zilizunguka zima zima pamoja na rafadha, zikilainishwa kwa mafuta ya nyonyo, ambayo hayakurudi ndani ya injini bali yalirushwa nje na kumrudia rubani usoni na kwenye nguo. Mtu alishuka akiwa amelowa mafuta, masikio yakivuma, vidole vimekufa ganzi, na baada ya kahawa na mkate akaruka tena, kwa sababu petroli iliyokuwamo ilitosha muda wa saa moja na nusu hivi.

Bunduki zilikwama mara kwa mara. Mkanda wa risasi ulipoganda kwa baridi au risasi moja ilipokuwa na kasoro, rubani alilazimika kuinuka kidogo, kushika ndege kwa magoti, na kuigongagonga bunduki kwa mkono wakati adui yuko nyuma yake. Tangi la mafuta lilikuwa karibu na mwili wake, na mwili wa ndege ulikuwa mbao na kitambaa kilichopakwa rangi inayoshika moto haraka, kwa hiyo hofu iliyowatesa marubani kuliko nyingine zote ilikuwa kuungua angani. Parachuti zilikuwapo, lakini walipewa watazamaji wa maputo. Marubani wa kivita wa Ujerumani hawakuzipata hadi mwaka 1918, na marubani wa kivita wa Uingereza hawakuzipata kabisa katika vita ile. Kila nikifikiria jambo hili naona uchungu, kwa kuwa vijana wengi waliokufa wangeweza kuokolewa na kifaa ambacho tayari kilikuwa kimeshatengenezwa.

Jambo lingine ambalo ni gumu kulieleza darasani ni upweke. Katika mwaka wa kwanza wa ndege hizi kila rubani aliwinda peke yake. Hakuwa na redio. Alipaa alfajiri, akazunguka juu ya mahandaki akitafuta ndege moja ya adui, akaishambulia au akaikimbia, kisha akarudi kusimulia. Hakuna aliyemfundisha mwenzake namna ya kupigana kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejua, na aliyejua mara nyingi alikufa kabla hajaandika. Immelmann mwenyewe, aliyekuwa bingwa wa kuwinda peke yake, alikufa tarehe 18 Juni 1916.

Hapa ndipo ukubwa wa Boelcke ulipo, na ndiyo sababu mimi sihangaiki sana na ile hesabu ya ndege 40. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1916 alikuwa katika mapigano ya Verdun. Aliona kwamba viwanja vya ndege viko mbali mno na mstari wa mbele, na rubani akifika adui ameshaondoka. Aliomba ruhusa akahamia Sivry, kando ya mto Meuse, kilomita kama 11 tu kutoka kwenye mahandaki, akiwa na kundi dogo la ndege, akaunganishwa kwa simu na watazamaji wa mbele ili apewe habari mara ndege za Kifaransa zinapotokea. Leo kila jeshi la anga duniani lina mfumo wa kuwaongoza marubani kutoka ardhini. Mwaka 1916 wazo hilo lilikuwa la kijana wa miaka 24 aliyekuwa amechoka kufika amechelewa. Mwezi Mei mwaka huo, mara tu baada ya kutimiza miaka 25, alipandishwa cheo kuwa kapteni.

Immelmann alipokufa, Kaizari aliogopa kumpoteza na wa pili, akaamuru Boelcke aondolewe kwenye mapigano. Kabla ya kutumwa kwenye ziara ya Austria, Uturuki na Bulgaria, mkuu wa kikosi cha ndege, Hermann Thomsen, alimtaka aandike yale aliyoyajua. Boelcke aliandika kanuni nane, fupi fupi, ambazo hadi leo zinajulikana kwa jina lake. Sehemu kubwa inahusu rubani mmoja: ujihakikishie nafasi bora kabla ya kushambulia, na ikiwezekana jua liwe nyuma yako, ukianza shambulio, lifikishe mwisho, usifyatue hadi umekaribia sana na adui yumo kwenye shabaha yako, usimwondoe macho, wala usidanganywe na hila zake, mshambulie kutoka nyuma, akikushukia kutoka juu, usikimbie, bali mgeukie umkabili, na ukiwa juu ya ardhi ya adui, kumbuka daima njia yako ya kurudi.

Kanuni ya nane ndiyo mpya kuliko zote, na naomba wanafunzi wako waisome mara mbili. Inasema kwamba kikosi kishambulie kwa makundi ya ndege nne au sita, na mapambano yanapovunjika kuwa ya mmoja kwa mmoja, marubani wachunge wasimwendee adui mmoja watu wengi kwa pamoja. Sehemu yake ya kwanza ilimaliza enzi za mwindaji wa peke yake. Sehemu ya pili ni onyo, kwa sababu Boelcke alijua kwamba ndege nyingi zikifuata windo moja, marubani wote humwangalia adui na hakuna anayemwangalia jirani yake.

Katika ziara ile alifika Kovel, upande wa mashariki, ambako kaka yake Wilhelm alikuwa akiongoza kikosi. Wakati huohuo jeshi la Ujerumani lilikuwa limeamua kuunda vikosi maalumu vya ndege za kivita, na Boelcke akapewa uongozi wa kikosi namba 2, kilichoanzishwa tarehe 10 Agosti 1916, pamoja na ruhusa ya kuchagua watu wake. Kutoka Kovel alichukua wawili. Mmoja alikuwa Luteni Manfred von Richthofen, kijana wa miaka 24 ambaye baadaye angefikisha mara mbili ya hesabu ya mwalimu wake. Mwingine alikuwa Erwin Böhme, mhandisi wa Shume, ambaye sasa alikuwa na miaka 37, umri ambao makamanda wengi wangeuona mkubwa mno kwa ndege ya mtu mmoja. Boelcke aliutazama uwezo wake, akamchukua.

Kikosi kilikusanyika Bertincourt, katika eneo la mapigano ya Somme, bila ndege za kutosha. Ndege tatu za kwanza zilifika mwanzoni mwa Septemba, na Boelcke aliitumia hali hiyo kwa namna mbili. Asubuhi aliruka peke yake. Inasimuliwa kwamba aliporudi na vijana wakamuuliza kama amepata kitu, yeye aliwauliza kama kidevu chake ni cheusi, kwani moshi wa bunduki ulimpaka masizi kila alipofyatua. Saa zilizobaki aliwafundisha. Aliwaonyesha ndege za Waingereza zilizotekwa, rubani wake anaona wapi na haoni wapi, bunduki yake inageuka hadi kona gani, na pembe ipi mtu anaweza kuikaribia bila kupigwa. Aliwafundisha kuruka kwa safu, kuangalia ishara za kiongozi, na kutomwacha mwenzao. Tarehe 2 Septemba alimwangusha rubani wa Kiingereza aliyetua salama akatekwa. Badala ya kumwacha apelekwe kambini mara moja, alimkaribisha kahawa katika chumba cha maofisa na kumtembeza uwanjani.

Tarehe 16 Septemba zilifika ndege mpya za Albatros, zenye injini ya nguvu za farasi 160, bunduki mbili za rashasha, na mwili wa mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka kwa tabaka. Zilikuwa bora kuliko karibu kila ndege ya Waingereza iliyokuwa pale. Kesho yake kikosi kiliruka kwa safu kwa mara ya kwanza, na siku hiyo Richthofen alipata ushindi wake wa kwanza kati ya 80. Kati ya tarehe 2 Septemba na tarehe 26 Oktoba Boelcke mwenyewe aliongeza ushindi 21, na kikosi chake kikawafanya Waingereza wahesabu hasara karibu kila siku ya hali nzuri ya hewa. Lakini alikuwa akichoka. Siku nyingi aliruka mara tano au sita.

Jumamosi ya tarehe 28 Oktoba 1916, mchana, Boelcke na Böhme walikuwa wameketi katika kibanda cha kusubiri amri katika uwanja wa Lagnicourt, ambako kikosi kilikuwa kimehamia. Walikuwa wameanza mchezo wa sataranji. Muda mfupi baada ya saa kumi jioni waliitwa, kwa sababu askari wa miguu wa Kiingereza walikuwa wakishambulia. Ilikuwa safari ya sita ya Boelcke siku hiyo. Waliondoka ndege sita, yeye akiongoza kama kawaida, na juu ya Flers wakakutana na ndege mbili ndogo za Kiingereza aina ya DH.2. Haya tunayajua kwa undani kwa sababu Böhme mwenyewe aliyaandika siku tatu baadaye katika barua kwa mwanamke ambaye alikuja kuwa mchumba wake.

Boelcke na Böhme walimbana Mwingereza mmoja katikati yao. Richthofen alikuwa akimfukuza yule mwingine, na katika kuzunguka huko Mwingereza huyo wa pili alikatiza mbele yao ghafla. Wote wawili walijitahidi kumkwepa kwa wakati mmoja. Kwa nukta chache mabawa yao yalimzuia kila mmoja asimwone mwenzake. Magurudumu ya ndege ya Böhme yakagusa bawa la juu la kushoto la ndege ya Boelcke. Mguso wenyewe ulikuwa mdogo, lakini kwa mwendo ule ulitosha kupasua kitambaa na kuvunja ncha ya bawa. Böhme alipoteza sehemu ya magurudumu yake. Ndege ya Boelcke ilianza kushuka kwa utulivu, kana kwamba bado inaongozwa, lakini ilipoingia kwenye mawingu bawa liliendelea kubomoka hadi likang'oka, na ikaanguka karibu na mizinga ya Wajerumani wenyewe. Boelcke hakuwa amefunga mkanda wake, wala hakuwa na desturi ya kuvaa kofia ngumu. Wapo wanaoamini kwamba angefunga mkanda angepona, kwa kuwa ndege haikusagika kabisa. Waingereza wale wawili walirudi salama. Mmoja wao, Kapteni Arthur Knight, aliuawa na Richthofen mwezi Desemba mwaka huohuo.

Unaona basi, Mwalimu, kwa nini nilikuomba usome kanuni ya nane mara mbili. Mwandishi wa onyo la kutomfuata adui mmoja watu wawili alikufa akimfuata adui mmoja pamoja na mwenzake. Sioni kwamba alisahau alichoandika. Ndege sita zilikutana na ndege mbili tu, uwanja wa mapambano ukawa finyu, na yeye alikuwa amechoka kwa safari tano zilizotangulia. Kuruka kwa kundi kulikuwa na faida kubwa, na kulikuwa na hatari yake ambayo hakuna kanuni ingeweza kuiondoa yote, hasa pale ambapo marubani hawakuwa na redio ya kuambizana "pinda kulia, mimi nipo kushoto".

Mazishi yake yalianzia katika kanisa kuu la Cambrai tarehe 31 Oktoba, Richthofen akiwa amebeba mto wenye nishani zake. Ndege ya Kiingereza ilidondosha shada la maua lenye maneno ya heshima kwa adui shujaa na muungwana, na shada jingine lilitumwa na Waingereza waliokuwa wafungwa wa vita, akiwamo yule aliyenywa naye kahawa Septemba. Alizikwa Dessau. Mwezi Desemba kikosi namba 2 kilipewa jina lake, na hadi leo kuna kikosi cha jeshi la anga la Ujerumani, chenye makao Nörvenich, kinachoitwa Boelcke.

Sasa nimrudie Böhme, kwa kuwa swali lako kwa kweli linamhusu yeye. Alitua kwa shida na ndege yake ikapinduka. Inaelezwa kwamba wenzake walimkuta katika hali mbaya, wakahofia angejitoa uhai. Uchunguzi ulifanyika na ukaamua kwamba hakuwa na hatia. Katika barua zake anauliza kwa nini hatima ilimchagua Boelcke, mtu asiye na mbadala, badala yake yeye. Hakuna dalili yoyote ya wivu au ugomvi kati yao. Kinyume chake, waliomfahamu Boelcke walimhesabu Böhme miongoni mwa marafiki zake wa karibu, na watu waliokuwa wakicheza sataranji pamoja dakika chache kabla ya safari hiyo hawakuwa maadui. Wazazi wa Boelcke hawakumlaumu.

Böhme aliendelea kuruka. Mwezi Agosti 1917 akapewa uongozi wa kikosi hichohicho kilichokuwa na jina la rafiki yake, na tarehe 24 Novemba 1917 akatunukiwa ile nishani ya Pour le Mérite. Siku tano baadaye, juu ya Zonnebeke nchini Ubelgiji, aliishambulia ndege ya Kiingereza ya watu wawili iliyokuwa ikipiga picha, ikampiga yeye. Alikuwa na ushindi wa ndege 24 na umri wa miaka 38. Waingereza walimzika kwa heshima za kijeshi.

Kwa hiyo wanafunzi wako wakiuliza, wajibu kwamba mhandisi wa njia ya waya ya Shume alihusika katika ajali iliyomuua Boelcke, kwamba ndege tatu ziliingiliana na hakuna rubani hata mmoja aliyekuwa na nafasi ya kuona zote, na kwamba jeshi lake lenyewe, lililokuwa na kila sababu ya kutafuta wa kulaumiwa, halikumlaumu. Kama una darasa linalopenda kuchora, wape kazi ya kuchora ubaoni njia za ndege hizo tano, mbili za Kiingereza zikifukuzwa na tatu za Kijerumani zikikatizana. Wataielewa kanuni ya nane bila wewe kuwaeleza zaidi.